Ukuta Uliolalia Kushoto

Tarehe 9 Februari

Kwa mtoto wa kaka yangu, Kiroboto,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, mama yako, na mimi shangazi yako. Habari za kazi, habari za huko, na kile kikohozi kimekuachia? Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Juu ya shingo ndiko kwenye maneno.

Mwisho wa mwezi uliopita niliamka asubuhi, nikaketi kitandani, na chumba kikaanza kuzunguka. Sisemi kile kizunguzungu cha kusimama ghafla, hicho nakijua. Dari ilikuwa inakimbia kuelekea dirishani, ikifika inaanza upya. Nilitambaa hadi mlangoni kwa magoti, mimi ambaye nimetembea juu ya ubao mmoja maisha yangu yote huku nimebeba karai la zege. Nikatapika mpaka mama yako akaanza kuniuliza nimekula kwa nani. Hospitali wakasema si chakula wala si presha. Ni sikio la kulia, ndani kabisa, pale mwili unapopimia kusimama na kugeuka. Virusi vimeushambulia mshipa wa fahamu wa huko. Kusikia nasikia vizuri, hata yale mama yako anayomnong'oneza baba yako jikoni. Walinilaza kidogo, wakanipa vidonge, wakanirudisha kwa kaka, na sasa wifi yangu amenizungushia mito pande zote kama sahani za kuhama nazo.

Hayo nimeyataja kwa ajili ya adabu tu. Barua hii ni ya ukuta.

Unajua nyumba yangu ilibakiza ile pembetatu ya juu ya ukuta wa mbele, inayobeba paa. Ulipokuja likizo nilikukabidhi uijenge wewe, kwa sababu nilisema huyu nimemfundisha mwenyewe tangu anarukaruka kwenye jukwaa la ujenzi hadi vibarua wakamwita Kiroboto. Nilikuwa na kazi ya watu, sikupanda kukukagua. Juzi nikamwomba baba yako anipeleke nikaone. Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti uani, nikatazama juu. Mwanangu, ukuta wako umelalia kushoto.

Nikamwambia kibarua apande aning'inize timazi yangu, uzi na chuma chake. Nayo ikalalia kushoto, sambamba na ukuta, kana kwamba vimekaa vikao. Timazi ile niko nayo tangu wewe hujazaliwa. Bila shaka uliiangusha ikaharibika, ukajengea timazi mbovu, ndiyo maana vinafanana. Hata nyumba ya jirani niliiona imelala, lakini hiyo sikushangaa, sikuijenga mimi.

Nimeamuru pembetatu yote ibomolewe, na imebomolewa. Matofali yaliyopona yamepangwa chini. Mimi kupanda ndiyo basi, daktari amesema sikio hilo nisilitegemee tena kwa kupima. Nilikuwa najua mwiko wangu wa kujengea ataushika nani, sasa sijui. Nitumie timazi mpya.

Usinipigie simu. Kile kioo kikisogea tu tumbo linapanda. Tena maneno ya kazi huandikwa, ili kesho mtu asije akakana. Barua mpe dereva wa lori la saruji, huyu wa mustachi.

Ni mimi,
Shangazi yako


Tarehe 17 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, kazi tunaendelea, tuko ghorofa ya nne. Pole sana kwa ugonjwa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba "umechoka kidogo", na mimi nikaamini, kumbe ulikuwa unatambaa.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya rundo la kokoto, halafu nikaisoma tena nimesimama, nikidhani labda nikisimama itakuwa na maneno mengine. Shangazi, umeniumiza. Kila kozi, kila mstari wa matofali, niliipima. Niliipima kwa timazi yako, nikaipima kwa pima maji yangu, nikashuka nikaenda hadi ng'ambo ya barabara nikatazama kwa jicho moja kama ulivyonifundisha. Nilijenga kwa woga, kwa sababu ilikuwa nyumba yako. Nilikuwa najua siku moja utakaa uani na kuangalia juu.

Na timazi ni uzi na kipande cha chuma. Haina injini. Ikianguka inaokotwa, inapanguswa, inaendelea na kazi. Itaharibika nini?

Sasa chukua barua yako, maana nakurudishia pamoja na hii. Iangalie bila kuisoma. Wewe ndiye uliyenirudishia daftari langu la shule kwa sababu mistari ilipinda, ukasema mtu asiyenyoosha sentensi hatanyoosha ukuta. Mistari yako yote, toka salamu hadi sahihi, inateremka kulia. Nilidhani ni macho yangu, nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani, akauliza kama uliandikia kwenye gari.

Nakuomba kitu kimoja. Mlango wa chumba unacholala kwa Baba uliuweka wewe mwenyewe kabla sijazaliwa, na hujawahi kuacha kujisifu nao. Tundika timazi kwenye kizingiti chake cha juu. Ukiona timazi imelala na mlango nao umelala, tutajua kati yetu aliyelala ni nani. Halafu urudi hospitali uulize kama kuna mtu wa kufundisha watu kutembea. Najua yuko, watu hawaachwi hivihivi na mito.

Timazi mpya sikutumii.

Mtoto wako asiyelala,
Kiroboto


Tarehe 5 Machi

Kiroboto mwanangu,

Salamu kwako na kwa mwenzako wa chumbani mwenye mdomo. Sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo, amekasirika, nitaeleza.

Mlango umelala.

Nilitundika timazi kama ulivyosema, huku nakucheka moyoni. Nikarudi nyuma, nikatazama. Timazi imelalia kushoto, mlango umelalia kushoto, ukuta wa chumba umelalia kushoto, na baba yako aliyekuja kuuliza nafanya nini naye amelalia kushoto, na kikombe chake cha chai hakimwagiki. Nikakaa kitandani. Ule mlango ningeapa juu yake mbele ya hakimu. Basi nikaelewa, na nikalia kidogo, sikufichi. Sikulilia sikio. Nilililia ile pembetatu, jinsi vibarua walivyokuwa wanasita kuipiga nyundo na mimi nawafokea kutoka kwenye kiti. Walikuwa wanaona imenyooka. Nilibomoa kazi safi ya mtoto wangu. Nisamehe.

Hospitali nimekwenda. Yuko mama wa mazoezi, mrefu, mikono mipana, angefaa kubeba zege. Aliniambia nisimame nifumbe macho. Nikaanza kuangukia kulia, akanidaka kwa kidole kimoja. Nikamwambia kwamba mimi nimekwisha, sikio halirudi. Akaniuliza, "Mama, wewe ni fundi. Mkinyoosha kozi, uzi wanashika wangapi?"

"Wawili. Mmoja kila kona."

"Masikio yako ndiyo hao wawili. Wanavuta uzi muda wote, hata ukiwa umetulia, na ubongo unajua umetulia kwa sababu wanavuta sawa. Sasa wa kulia ameachia. Wa kushoto anavuta peke yake, na ubongo unapiga kelele kwamba kichwa kinageuka, kumbe uko kitandani."

"Basi wa kulia arudi kazini."

"Huenda akarudi nusu, huenda asirudi. Atakayebadilika ni msimamizi. Ubongo utajifunza kupima kwa mtu mmoja wa uzi, ukisaidiwa na macho na nyayo zako."

Nikamwambia wasimamizi nawajua, hawajifunzi mpaka waaibike. Akacheka, akasema nimeshika somo lote. Ubongo haujirekebishi bila kuonyeshwa kosa. Ukilala tuli katikati ya mito, hakuna kosa linalotokea, na msimamizi anaendelea kuamini yuko sahihi. Ukigeuza kichwa na dunia ikayumba, hapo ndipo anapoona hesabu zake haziendi, anaanza kuzipanga upya. Kwa hiyo kile kizunguzungu nilichokuwa nakikimbia ndicho cha kukifuata, kidogo kidogo, kila siku. Hata vile vidonge vilikuwa vya mwanzo tu. Vinanyamazisha kelele, lakini vinamsinzisha na msimamizi. Daktari ameviondoa.

Basi nimerudi nyumbani nikaitoa mito yote nje. Hapo ndipo mama yako alipokasirika. Anasema amenilea vizuri. Sasa ananifuata kila niendako akiwa amebeba kiti, nikisimama anakisogeza nyuma ya magoti yangu. Nimemwambia, wifi, niache nianguke kidogo, ni dawa. Amemwambia baba yako kwamba ugonjwa umepanda kichwani.

Zoezi la kwanza ni kubandika herufi moja mbele yangu na kuitazama huku natikisa kichwa kulia na kushoto, herufi isicheze. Niliibandika kwenye geti la jirani, nikasimama mlangoni. Akapita muuza ndoo, akataja bei. Mimi natikisa kichwa. Akapunguza. Naendelea, maana zoezi lilikuwa halijaisha. Akapunguza tena, akaanza kunieleza habari za watoto wake. Nilipoacha kutikisa, ndoo ilikuwa tayari miguuni kwangu kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Sikuwa nataka ndoo.

Zoezi jingine ni kutembea ushoroba mzima nikigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayegombana na majirani wa pande zote. La mwisho ni kusimama juu ya godoro nikiwa nimefumba macho. Hilo bado linanishinda, maana macho yamefungwa, nyayo zimedanganywa, anabaki yule mmoja na uzi wake.

Nimefanya uamuzi. Mafundi wa paa watakuja mvua zikikatika. Kabla hawajafika, pembetatu itakuwa imesimama, na nitaijenga mimi. Nimebomoa mimi, nitainua mimi. Mama wa mazoezi amesema "tutaona". Sipendi neno hilo.

Mwenye mlango uliolala,
Shangazi yako


Tarehe 14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Habari za huko, na habari za ndoo? Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma kwa sauti chumbani, mwenzangu amecheka hadi kamba ya nguo ikakatika.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe kabla hujaomba, ila nilitaka uombe. Kununa kumekwisha, lakini pembetatu yangu ilihukumiwa bila kosa na hilo nitalitumia hadi uzeeni. Siku nikikukosea nitakwambia, Shangazi, kumbuka ukuta.

Nililijaribu zoezi lako la godoro. Nina masikio yote mawili na bado nilimwangukia mwenzangu aliyekuwa anakula. Kwa hiyo usijione mnyonge. Na siku ya kwenda kununua mabati, nakuomba upeleke zoezi la kichwa kule dukani.

Sasa sikiliza. Timazi usiiondoe pale mlangoni. Mimi nafikiri hiyo imebadilisha kazi. Zamani ilikuwa inapima kuta, siku hizi inakupima wewe. Kila ukiamka itazame, halafu uniambie imelalia kiasi gani. Siku itakaposimama, tutajua msimamizi amekubali.

Kuhusu kupanda, nina masharti. Jukwaa lifungwe na fundi, si Baba, maana Baba fundo analolijua ni la viatu. Uvae mkanda wa usalama. Usipande jua likizama, maana gizani macho hayatakusaidia. Na mama wa mazoezi aseme "ndiyo" kwa mdomo wake.

Nakupenda, pamoja na ukaidi.

Kiroboto wako


Tarehe 4 Aprili

Kiroboto,

Salamu. Wengine wote wazima.

Timazi ilikuwa imeanza kunyooka. Nilikuwa nimebakiza kiasi cha unene wa uzi tu, na kwenye godoro nilikuwa nasimama mpaka mama yako anachoka kunihesabia. Nikajisifu. Kisha nikapata mafua, mafua ya kawaida ya kila mtu, na homa. Nilipoinuka dunia ikarudi kule kule. Juzi nilikwenda sokoni, watu wanapita huku, wanapita kule, nikageuka kuitika salamu, nikaanguka upande wa kulia juu ya nyanya za mwanamke ambaye hakunifanyia ubaya wowote. Wakaninyanyua. Mtu mmoja akasema, muda huu wa asubuhi, mama mzima, amelewa.

Timazi imelala kama siku ya kwanza.

Nimechoka, mwanangu. Nilidhani ni ukuta, unapanda kozi juu ya kozi, na ulichokijenga jana leo unakikuta. Njoo likizo ijayo ujenge pembetatu wewe, kama ulivyoijenga. Mwiko, pima maji na mkanda nimeviweka kwenye ile ndoo. Vyote vyako. Mimi nitakaa kwenye kiti cha mama yako.

Shangazi


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimepokea barua yako na sitaki ndoo.

Pole kwa mafua, pole kwa kuanguka. Huyo aliyesema umelewa ningekuwepo tungeelewana. Mkanda wako ni mkubwa kwangu na mwiko wako mpini umekaa kwa mkono wako. Nikitaka mwiko nitanunua wangu. Nataka mwenye mwiko.

Umekwenda kumwambia mama wa mazoezi kuhusu mafua? Sidhani. Nakujua, umeona haya. Nenda. Nakuomba nenda.

Likizo nitaomba, lakini nitakuja kula na kulala. Andika upesi.

Kiroboto


Tarehe 2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Dereva wa mustachi amepita mara mbili na hana kitu changu. Nikimuuliza anatazama pembeni. Nimempigia Mama, anasema, "Yupo, anatembea, muulize mwenyewe." Nimempigia Baba, anasema mvua imekatika, kisha akasema sufuria inaungua. Tangu lini Baba ana sufuria?

Shangazi, naogopa. Huku tumemaliza ghorofa ya nne, kila siku napanda na kushuka, na kila nikifunga mkanda nakumbuka ni wewe uliyenifungia wa kwanza, ukauvuta hadi nikakosa pumzi. Sijali kama hutapanda tena. Niliandika kwa kiburi mara ile, kana kwamba usipopanda hutakuwa wewe. Ukikaa kwenye kiti utakuwa shangazi yangu kwenye kiti, utanifokea kutoka chini, na mimi nitajenga. Nilichotaka ni usiamini umekwisha kwa sababu ya mafua na nyanya.

Nimepata likizo. Nitafika wiki ya kwanza ya Juni. Niandikie hata mstari mmoja, hata ukiteremka.

Mtoto wako,
Kiroboto


Tarehe 23 Mei

Kiroboto wangu mpenzi,

Salamu nyingi zisizo na idadi. Hujambo? Sisi huku hatujambo, na safari hii nasema hatujambo pamoja na kichwa.

Kabla hujaendelea, pima mistari ya barua hii kwa pima maji.

Umeona? Sasa unisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa naandika kila wiki. Naandika ukurasa, nautazama, mistari imeteremka, nauchana. Nikaapa sitakutumia barua nyingine ya kuteremka, maana ile ya mwisho ilitosha. Nikawaapisha na hawa wa hapa nyumbani wasikwambie lolote, na dereva nikamtishia. Baba yako hajui kudanganya, ndiyo maana akakimbilia sufuria. Nilijua utaogopa, lakini sikujua utaogopa kiasi hicho nilichokisoma kwenye barua yako ya mwisho. Hiyo barua siichani.

Nilikwenda kwa mama wa mazoezi kama ulivyosema. Ni kweli niliona haya, nilikaa nje hadi akatoka kunichukua. Nikamwambia kila kitu kimebomoka. Akaniambia hakijabomoka. Akasema mtu akiugua au akichoka sana, ubongo husahau kwa muda ile hesabu mpya, hutokea kwa wengi. Lakini njia iko pale pale, mara ya pili hupitwa kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema alinitajia, ila siku ile nilikuwa nasimulia habari za ndoo.

Basi nikaanza upya. Herufi getini, jirani kanizoea, sasa ananisaidia kuipangusa. Ushoroba. Godoro. Mama wa mazoezi akanipeleka na sokoni, nitembee katikati ya watu nikigeuka kila upande kusalimia. Yule mama wa nyanya akiniona anakusanya mali yake. Tumekuwa marafiki.

Na ilikuwa haraka kweli. Asubuhi moja nilikuwa natafuta kandambili, nimekasirika, mama yako kazificha chini ya kile kiti chake. Nikapita mlangoni, nikaipita timazi, nikafika hadi jikoni. Kisha nikarudi kinyumenyume. Ilikuwa imesimama. Mlango umesimama. Nikamwita baba yako nikamwambia asimame pale, naye alikuwa amenyooka kama hajawahi kulala. Nilimkumbatia hadi akauliza nani amekufa.

Sikio la kulia bado limeachia uzi. Wamelipima tena, hakuna kitu. Aliyebadilika ni msimamizi peke yake.

Mama wa mazoezi akasema "ndiyo". Kwa mdomo wake, nilimfanya aseme mara mbili. Jukwaa amefunga fundi, mkanda nimevaa, jua likianza kushuka nami nashuka. Mama yako amekubali kwa sharti lake. Siku ya kwanza nilipopanda nilisikia kitu kinaburuzwa, nikatazama chini, nikamwona ameleta godoro, lile lile la mazoezi, amelitandika chini ya jukwaa, na yeye kaketi pembeni kwenye kiti chake anachambua mboga. Kila ninaposogea nalo linasogezwa. Vibarua wamekufa kwa kicheko. Mimi sikucheka sana. Nilijenga nikijua kuna mtu chini.

Nikueleze lililotokea kozi ya pili. Niligeuka kupokea tofali, nikageuka tena haraka, na ukuta ukalalia kushoto mbele ya macho yangu. Vile vile kama siku ile. Nikaitazama timazi, nayo imelala sambamba na ukuta, maana yake ukuta umesimama. Zamani ningefukuza mmoja wao hapo hapo, na unajua nilimfukuza nani. Safari hii niliweka tofali chini, nikashika nguzo ya jukwaa, nikangoja. Sikufumba macho. Nikapumua, nikaangalia uzi tu. Ukuta ukarudi polepole, timazi nayo ikarudi pamoja nao, vyote vikasimama. Nikachukua tofali langu. Imenitokea mara chache tangu hapo, na kila mara nangoja.

Sasa pembetatu imefika juu, Kiroboto. Limebaki tofali moja, lile la kileleni kabisa. Sijaliweka na sitaliweka. Hilo ni la yule aliyejengewa kesi.

Lakini kwanza upande na timazi yako, si yangu. Uipime kazi yangu yote, kila kozi, bila kunionea huruma wala kunikumbuka kama shangazi. Ukikuta imelala, useme, na tutaibomoa. Ukikuta imesimama, weka tofali lako. Nitakuwa naogopa, nakwambia kweli. Nimekagua kuta za watu miaka yote na sijawahi kujua kwamba wanaokaguliwa hujisikia hivi.

Mafundi wa paa wanakuja katikati ya Juni.

Akupendaye,
Shangazi yako


Tarehe 4 Juni, imefungwa kwenye uzi wa timazi mlangoni

Shikamoo Shangazi,

Nimefika, umekwenda kwenye mazoezi. Baba amenipa chai, na ni kweli hajui kudanganya. Kabla sijakaa ameniambia kwamba hukulala vizuri kwa kuningoja. Nami sikutaka kupima huku unanitazama, kwa hiyo nimekwenda kabla hujarudi. Mama amekuja na godoro.

Nimepima kila kozi. Nimepima kwa timazi yangu, nikapima kwa pima maji, nikashuka, nikaenda ng'ambo ya barabara nikafumba jicho moja. Kozi ya pili kuna tofali moja ambalo saruji ya kulishikia ni nene kidogo kuliko ya mengine. Nadhani ndipo ulipongoja. Limekaa sawa kabisa.

Tofali la juu nimeliweka. Saruji yake haijakauka bado.

Twende ukalikague mwenyewe. Ngazi nimeiacha pale pale, mkanda wako uko kwenye ndoo, na Mama nimemwambia asikushike mkono.

Kiroboto